Utepe Ulioachwa Uzunguke

Niliinunua kwa kukosea. Ilikuwa kwenye soko la mitumba hapa Nakuru, kwa mama mmoja anayeuza vitabu vya zamani, kaseti na CD zilizochubuka, vyote vimemwagwa juu ya turubai moja. Nikaona kasha lenye CD mbili, na jina lake ni la wimbo ambao sisi watu wa magharibi mwa Kenya tumeusikia matangani tangu tukiwa watoto: Will the Circle Be Unbroken. Nikajua hizo ni tenzi. Nikamfikiria mama yangu, ambaye hupenda tenzi za Kiingereza hata zile asizozielewa. Shilingi 150. Nikaitia mfukoni pamoja na sukuma wiki, nikaenda zangu.

Usiku nilipoiweka, kwaya haikuja. Ilikuja banjo, mbio kama kuku aliyefukuzwa jikoni, na mzee mmoja akiimba kwa sauti ya puani, juu kabisa. Na kati ya wimbo na wimbo watu walikuwa wanaongea. Mmoja anauliza jambo, mwingine anacheka, mtu anakaza uzi wa gitaa. Nikadhani CD imeharibika. Nikairudisha nyuma nisikilize tena. Mama hakuipata ile zawadi, na hadi leo hajui kwamba ilikuwa yake.

Niseme kazi yangu ndipo mnielewe. Mimi ni fundi wa mitambo ya sauti. Jumamosi niko harusini, Jumapili kanisani, na matangani siku yoyote nitakayoitwa. Kazi hii ina ugonjwa wake: kabla sijasikia maneno ya wimbo, nasikia maiki iliwekwa wapi. Mke wangu amechoka nami. Tunaweza kuwa tunatazama habari, yeye anasikiliza mambo ya Bunge, mimi nasikiliza mwangwi wa ukumbi. Sasa mtu mwenye ugonjwa huo akikutana na albamu iliyorekodiwa namna hii, amekwisha.

Kasha linasema bendi ni Nitty Gritty Dirt Band. Hawa walikuwa vijana wa Long Beach, California, walioanza mwaka 1966, nywele mabegani na ndevu. Kufikia 1971 walikuwa wameshapata wimbo wa kutamba redioni, Mr. Bojangles, na mtu wa kawaida angetarajia watoe mwingine kama huo wale pesa. Badala yake wakafunga safari kwenda Nashville, mji mkuu wa kantri, kuwaomba wazee wapige nao. Kumbukeni Marekani ya miaka ile. Vita vya Vietnam vilikuwa vimewagombanisha baba na wana mezani, na nywele ndefu zilitosha kumtambulisha mtu yuko upande gani. Nashville ilikuwa ya watu wa suti na nywele zilizochongwa.

Mlango ulifunguliwa na Earl Scruggs, yule aliyefanya banjo ipigwe kwa vidole vitatu mpaka wapigaji wa dunia nzima wakamwiga. Wanawe waliipenda bendi hii, na mwaka 1970 mzee alikwenda kuwaona wakipiga Chuo Kikuu cha Vanderbilt, palepale Nashville. Baadaye John McEuen, mpiga banjo wa vijana hao, akajikaza akamwomba warekodi pamoja. Mzee akakubali. Muda mfupi baadaye McEuen akamwomba Doc Watson, bingwa wa gitaa, naye akakubali. Ukishawapata hao wawili, wengine wanapatikana: Mother Maybelle Carter, Merle Travis, Jimmy Martin, na Roy Acuff, ambaye Nashville walimwita mfalme wa kantri. Bill Monroe, mkongwe wa mandolini, aliombwa akakataa. Sikumlaumu, hata kwetu kila harusi ina mjomba mmoja ambaye haji.

Agosti 1971 wakaingia studio ya Woodland, Nashville. Kazi nzima ilichukua siku 6. Ikatoka mwaka 1972 katika santuri 3 ndani ya kasha moja. Siku 6! Mimi nina video ya harusi ya watu wa Njoro inayongoja kuhaririwa tangu Pasaka.

Lakini haraka hiyo inaeleweka ukijua walivyorekodi. Wakati huo studio kubwa zilikuwa na mashine za chaneli 16. Kila chombo kina chaneli yake, ukikosea gitaa unarudia gitaa peke yake, sauti ikipwaya unaiziba kesho. Hawa wakarekodi moja kwa moja kwenye chaneli 2 tu, kushoto na kulia, basi. Maana yake ni kwamba wote wanapiga pamoja ndani ya chumba kimoja, na kila maiki inasikia kila kitu. Fidla ikikosea, imekosea ndani ya gitaa, ndani ya banjo, ndani ya sauti ya mzee anayeimba. Huwezi kuing'oa. Ama mnarudia wote kuanzia mwanzo, ama mnakubali.

Kuna mahali Roy Acuff anasikika akitoa sheria yake kuhusu jambo hili. Anawaeleza vijana kwamba ukiingia studio, uamue kupiga sawasawa mara ya kwanza, kwa sababu kila unaporudia kuna kitu unapoteza. Anasema kwa sauti ya mwalimu mkuu wa zamani, yule anayeshika fimbo bila kuinua. Huyu Acuff hapo awali alikuwa na shaka kubwa na hawa wenye ndevu. Alifika kwanza kusikiliza kile kilichokwisha kurekodiwa na wenzake, akaridhika kwamba ni kantri tu wala si kingine, ndipo akaimba. Ile sheria yake niliiandika kwa kalamu kwenye kifuniko cha mikisa yangu. Waimbaji wa kanisani wanadhani ni mstari wa Biblia.

Huku kwetu tukisema kantri tunamaanisha Jim Reeves matangani, Don Williams ndani ya matatu usiku, Kenny Rogers kwa mzee mwenye baa. Kantri ya taratibu, ya kuinamisha kichwa. Hii ya kwenye albamu ni ya kabla ya hiyo. Ni muziki wa milimani, gitaa bila umeme, fidla, mandolini, besi kubwa ya kusimama. Mara ya kwanza unaweza kuona kelele nyingi. Mimi mwenyewe hadi leo sauti ya Jimmy Martin siiwezi asubuhi, na zile za vyombo vitupu zikifuatana tatu, naruka moja. Lakini hapo kwenye gitaa ndipo nilipokaa.

Mother Maybelle kwanza. Alizaliwa 1909, kwa hiyo siku hizo za Woodland alikuwa na miaka 62. Kwenye gitaa lake sikilizeni kidole gumba. Gumba ndilo linaloimba, kwenye nyuzi nene, na vidole vingine vinakwangua nyuzi nyembamba kwa juu ili mdundo usikatike. Mtu mmoja anapiga kazi ya watu wawili. Nilisikiliza hapo mara nyingi kuliko inavyofaa, kwa sababu babu yangu alikuwa akifanya kitu hichohicho kwa kupindua. Gumba lake lilishika besi, na kidole cha shahada ndicho kilichoimba juu.

Kuka, ndivyo tunavyomwita babu kwetu Kisa, hakuwa msanii wa jina. Alichuna chai Kericho miaka mingi, akakaa kwenye laini za wafanyakazi, akanunua gitaa kwa mshahara wa chai. Alipiga omutibo, mtindo uleule aliousambaza George Mukabi kutoka kwetu hukohuko: vidole viwili, na mwenzako pembeni anakwaruza chupa ya Fanta kwa kijiti. Akitaka kupandisha sauti alikuwa analaza penseli juu ya nyuzi na kuifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Nilikuwa nadhani vidole viwili ni ufukara wetu, kwamba mwenye kujua hupiga kwa vyote vitano. Halafu nikamsikia Merle Travis. Huyu alitoka mashimo ya makaa ya mawe ya Kentucky, baba yake mchimbaji, na mtindo uliobeba jina lake Marekani nzima aliupiga kwa gumba na kidole cha shahada tu. Sisemi Kuka alijifunza kwake wala yeye kwa Kuka. Nasema nilipomsikia nilitazama mkono wangu wa kulia.

Kericho yenyewe ina hadithi yake katika jambo hili, na hii si ya kubuni. Maybelle alirekodi kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa Agosti 1927, akiwa na miaka 18 na mimba, mjini Bristol, pale mpaka wa Tennessee na Virginia. Siku mbili tatu baadaye, kwenye mashine hiyohiyo, akaingia kijana mwembamba mwenye kifua kikuu anayeitwa Jimmie Rodgers. Maybelle akaishi hadi 1978. Rodgers alikufa 1933, ana miaka 35. Lakini santuri zake zilisafiri kuliko mapafu yake. Zikafika hadi nchi ya Wakipsigis pamoja na gramafoni za wageni, na jina lake likageuka mdomoni mwa watu likawa Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipita na mashine yake ya kurekodi, na huko Kapkatet wasichana wakamwimbia Chemirocha kama kiumbe nusu mtu, nusu swala. Miaka zaidi ya 60 ikapita kabla rekodi ile haijarudishwa kijijini kwao. Kapkatet si mbali na mashamba ya chai. Sijizuii kuwaza kwamba jioni fulani Kuka, akiwa ameketi mlangoni pa chumba chake kwenye laini, alisikia jirani akimwimba yule swala.

Sasa nifike penye kidonda.

Ndani ya albamu hii kuna sehemu ambayo si wimbo kabisa. Ni Doc Watson na Merle Travis wanakutana kwa mara ya kwanza maishani. Doc alikuwa kipofu tangu hajatimiza mwaka mmoja, mtu wa Deep Gap, North Carolina, na alimjua Merle kwa masikio tu. Alimpenda kiasi cha kumpa mwanawe jina lake. Sasa wako chumba kimoja, wote watu wazima, wote mabingwa, na utepe unazunguka. Doc anamweleza kuhusu yule mtoto. Merle anajibu kwa unyenyekevu wa mtu asiyejua aweke wapi mikono. Wanaongea kama watu wawili waliokutana kisimani. Kisha wanapiga.

Mtu fulani aliacha mashine ifanye kazi. Utepe ni ghali, na unakwisha upesi. Fundi yeyote angesimamisha wazee wakianza mazungumzo, halafu aanze tena wimbo ukiwa tayari. Mimi ningesimamisha. Najua ningesimamisha, kwa sababu nilisimamisha.

Desemba 2003 nilikwenda nyumbani na redio ya kaseti ya kuazima, betri sita kubwa, na kaseti moja ya dakika 60. Nilikuwa nimemaliza shule, najiona mtaalamu. Nikamketisha Kuka chini ya mparachichi, nikamwambia apige kila anachokumbuka. Akapiga nyimbo tisa. Na baada ya kila wimbo, kidole changu kilikuwa pale kwenye kitufe. Taka! Nilikuwa nabana utepe na betri. Kuka akimaliza wimbo anaanza kueleza: huu niliupata kwa nani, tulikuwa wapi, yule mwanamke anayetajwa aliolewa na nani. Mimi natikisa kichwa, nasema ndiyo Kuka, ndiyo Kuka, huku mashine imelala. Nangoja amalize maneno ili turudi kwenye kazi.

Alikufa 2005. Ninazo nyimbo tisa safi, hazina hata jogoo. Upande wa pili wa kaseti umebaki mtupu kwa dakika nyingi kabisa. Nakumbuka alisema wimbo wa nne aliubadilisha kutoka kwa mpigaji mmoja wa chepkong', ala ya nyuzi ya Wakipsigis, aliyekaa laini ya chini yao. Alitaja jina la mtu huyo, la baba yake na la kijiji. Nilikuwa nimeketi hatua mbili kutoka kwake. Limebaki neno "laini ya chini".

Ndiyo maana siwezi kuisikiliza hii albamu kama watu wengine. Watu wakiiandika huisifu kwa kuunganisha vijana na wazee, na ni kweli, hata Maktaba ya Bunge la Marekani imeiingiza kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa. Mimi nawasifu kwa jambo dogo zaidi. Jina la bendi liko juu ya kasha, lakini nyimbo nyingi inabidi utafute vijana wenyewe wako wapi. Jimmie Fadden yuko pembeni na harmonika yake. Jeff Hanna na Jim Ibbotson, ambao ndio waimbaji wa bendi, mara nyingi wanaitikia kibwagizo nyuma ya mzee. Wimbo wa jina la albamu anauanza Maybelle, wengine wanapokezana beti, na chumba chote kinaitikia. Wana miaka ishirini na kitu, wako kwenye chati, na wamekubali kuwa wenye chupa ya Fanta.

Na kuna yule mpiga besi, Junior Huskey. Hazungumzi, hana beti, ni mtu wa besi. Lakini zima taa, weka hedifoni, umfuate yeye peke yake wimbo mzima; utaona wote wamesimama juu ya mgongo wake. Alifariki Septemba 1971, wiki chache tu baada ya siku zile 6, albamu haijatoka. Yule Merle mdogo, mtoto wa Doc, alikuja kuwa mpiga gitaa mzuri, wakazunguka na baba yake miaka mingi. Akafa 1985 kwa ajali ya trekta. Nikilisikia jina lake likitajwa pale kwenye mazungumzo, kwa furaha, najikuta nataka kupunguza sauti.

Bendi ilirudia zoezi hili baadaye, sehemu ya pili mwaka 1989 na ya tatu 2002. Nimezisikia. Ni nzuri, zimesafishwa, kila mtu yuko mahali pake. Narudi kwenye ya kwanza.

Mwezi uliopita wazee wa kwaya ya zamani ya kanisa letu waliniomba niwarekodi, maana mmoja wao anahamia Kitale kwa mwanawe. Nikaweka maiki mbili tu, kushoto na kulia, nikawasha mashine wakiwa bado wanapanga viti, nikanyamaza. Nilipata mzozo wa dakika arobaini kuhusu nani alitunga ubeti wa pili. Nilipata mzee wa besi akimfundisha mwenzake mahali pa kupumua, kwa kumgonga mgongoni. Nilipata simu kuhusu ndama. Nilikuwa nimekaa kule nyuma natabasamu peke yangu kama mwehu.

Walipoinuka kuimba ule wimbo wenyewe, ule waliokuja kwa ajili yake, memori kadi ikajaa. Ilikuwa na harusi mbili ambazo sikuwa nimezifuta. Nikagundua wameshamaliza ubeti wa tatu.

Mwenyekiti wa kwaya akanijia huku anajifuta jasho. "Kwa hivyo kijana, umechukua porojo, wimbo ukauacha?"

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

Akanitazama, akaomba hedifoni. Akasikiliza kile kipande cha ndama hadi mwisho, akacheka, akawaita wenzake wawili nao wasikilize. Tunarudia Jumamosi saa nne. Ameniambia nije na kadi mbili, na moja asiiguse mtu.